Kwaya na Shule Ni Nyumba Moja
Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Siku ya Jubilei

 

 Mwenyekiti amenipa dakika tano, na mnatujua sisi walimu tukishika maikrofoni.

Nazungumzia jambo ambalo kamati haijalimaliza: mchango wa leo ununue majoho mapya, au uwafundishe watoto wa shule yetu muziki? Majoho yamechakaa, sikatai. Ya teno yana viraka.

Lakini tukumbuke tulikotoka. Mwaka wa 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule, za wavulana na za wasichana. Mwaka huohuo Johann Walter alitoa kitabu cha nyimbo za kwaya. Luther aliandika dibaji yake, akasema nyimbo zile zimepangwa kwa sauti mbalimbali kwa ajili ya vijana. Baadaye Walter alifundisha muziki shuleni mjini Torgau, na kwaya yake ilikuwa ya wanafunzi pamoja na watu wazima wa mji.

Tuje huku kwetu. Waingereza walipowarudisha kwao wamishonari wa Leipzig mwaka wa 1920, walimu na wazee wenyeji wa Kilimanjaro ndio walioshikilia shule na ibada. Nanyi mliotoka Kisii mnaijua Itierio, walikofika Walutheri wa Uswidi mwaka wa 1948. Leo ukitaja Itierio, watu huwaza shule kabla ya kanisa.

Sasa hapa Kalimoni. Wengi wetu tulikuja kutafuta kazi, tukapanga nyumba. Huyu ametoka Kisii, yule Ukambani, mwingine ni mwenyeji wa Kiambu. Kazi ikipatikana Thika au Ruiru, mwanakwaya anafunga virago. Tazameni benchi la soprano lilivyobaki! Watoto wapo, tena wanaimba vizuri, ila wanaimba kwa kusikia tu. Solfa hawajui, na hakuna anayewafundisha.

Kwa maoni yangu majoho yangoje. Tununue kinanda kimoja kikae shuleni, tuchapishe nakala za nyimbo, na mwalimu wetu wa kwaya awe anafika huko kila Jumatano baada ya masomo. Kuna aliyeuliza kwenye mkutano: na mtoto asiye Mlutheri je? Aimbe! Shule haimwulizi cheti cha ubatizo langoni, sisi tumwulize kwa nini?

Najua wengine hamkubaliani nami, na kura ni Jumapili ijayo. Leo ni sadaka tu. Kikapu kitapita wakati wa wimbo unaofuata. Teno, simameni tafadhali. Kutoka kule nyuma viraka havionekani.