Kamera ya kioo cha mbele

Barabara kuu itokayo Tunduma kupita Vwawa na Mlowo hadi Mbeya imejaa malori mchana na usiku, na panapotokea ajali huwa kuna madereva wawili na hadithi mbili. Ndiyo sababu siku hizi madereva wengi wanatafuta kamera ndogo ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Leo nazungumzia jinsi ya kuichagua.

Muuzaji atakutajia kwanza wingi wa nukta za picha. Atasema, "Hii ni 4K, kaka." Mwache amalize, kisha fanya hesabu. Lori haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 kila sekunde. Anayekuja mbele yako naye akiwa katika mwendo huo, mnakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Kamera ipigayo picha 30 kwa sekunde inaacha pengo la karibu mita moja na nusu kati ya picha na picha. Ipigayo 60 inalipunguza pengo hilo kwa nusu. Mimi ningechukua picha 60 za ukubwa wa 1080 kuliko 4K ya picha 30.

Lakini kubwa zaidi ni muda ambao kila picha inapokea mwanga. Jua likiwaka, kamera hutumia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na gari la mbele husogea sentimita nne tu. Namba zake zinasomeka. Usiku, au ukungu ukishuka kwenye mteremko wa Senjele, kamera hurefusha muda huo. Ukifika sehemu moja ya hamsini ya sekunde, gari lile limesogea karibu sentimita 90 ndani ya picha moja. Unabaki na mchirizi mweupe. Basi usilipe fedha kabla hujaonyeshwa picha ilizopiga usiku, gari likiwa mwendoni.

Zipo pia kamera za kofia wanazopenda vijana wa pikipiki. Kwa kujifurahisha ni nzuri sana. Kwa safari ya siku mbili kwenda Dar es Salaam, betri yake haifiki popote.

Na hapo kwenye umeme watu wengi huumia. Malori mengi makubwa yana umeme wa volti 24, na chaja ya gari dogo ni ya volti 12. Hakikisha imeandikwa 12 hadi 24. Tena uliza kama ndani ina betri au kapasita. Kioo kikipigwa jua kutwa, kapasita huvumilia joto kuliko betri.

Kadi ya GB 64 hujaa kwa saa saba hivi, kisha kamera hufuta ya zamani na kuandika mpya. Kikiwapo kishindo, hufungia kipande kile kisifutwe. Shida ni kwamba tuta nalo ni kishindo! Punguza ukali wa kihisio hicho, la sivyo kadi itajaa matuta ya Mlowo.

Dereva mmoja kwenye foleni ya mpakani aliniuliza, "Mzee, si itanishitaki mwenyewe?" Nilimjibu kwamba itamshitaki, kama alizidi mwendo. Alicheka, lakini aliendelea kuulizia bei.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hii mahakamani, ila hutazama ulivyotengenezwa na kutunzwa. Kwa hiyo weka saa na tarehe ya kamera sawasawa kabla ya safari. Ajali ikitokea, ukishahudumia majeruhi, zima kamera, toa kadi, uitie kwenye bahasha. Nakala ya WhatsApp haitoshi, maana mtandao huo huibana video ipate kupita, na namba za gari ndizo hupotea kwanza.