Safari ya mchezaji mpira, nyumbani na ng'ambo

Mazungumzo yetu mbele ya familia za wakimbizi wa ndani na viongozi wao



Tulipomaliza ile mechi kati ya vijana wa kambi na vijana wa kijiji, mama mmoja alitufuata hadi kwenye gari. Hakuuliza nani ameshinda. Alisema kuna mtu amekuja kwake mara mbili, mtu wa suti na simu mbili, akimwambia kwamba kijana wake wa miaka 15 atakwenda kucheza Ulaya. Zinahitajika tu dola 800 za pasipoti na tiketi. Mama huyo ana cherehani aliyokimbia nayo, na zamu yake ya likelemba imekaribia. Aliuliza kama auze cherehani. Siku ile hatukumjibu vizuri, maana mvua ilikuwa inakuja na dereva anapiga honi. Leo tunajaribu kumjibu, kwa kuwasimulia maisha ya mchezaji mmoja ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina.

Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura tarehe 6 Machi 1977. Bujumbura siyo mbali na hapa, wapo kati yetu ambao wameishi kule miaka mingi. Alianza mpira mjini humohumo. Oktoba 1993, alipokuwa na miaka 16, vita vilianza Burundi. Katikati ya miaka ya 1990 tunamkuta Dar es Salaam, akivaa jezi ya Yanga, na mashabiki wa Yanga hadi leo wanamtaja kama mtoto wao. Kutoka Dar akaenda Afrika Kusini, kwenye timu ya Vaal Professionals, si timu kubwa. Ndipo akafika Uswisi, FC Zürich, akiwa bado hajatimiza miaka 20.

Tazameni njia hiyo. Bujumbura, Dar, Afrika Kusini, Zürich. Hakuruka kutoka uwanja wa mtaani mpaka Ulaya. Kila timu ilimwona akicheza kwenye timu iliyotangulia, na kila timu ilimchukua kwa sababu ya kazi yake ya miguu.

Msimu wa 1997-98 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Uswisi kwa mabao 24. Wafaransa wa Rennes wakamchukua mwaka 1998, na mwaka 2000 akaingia Monaco. Msimu wa 2002-03 aliwapita wote Ufaransa: mabao 26, mfungaji bora. Baada ya hapo, Agosti 2003, goti likaumia vibaya. Karibu msimu wote alikuwa nje, wakati wenzake wanashinda mechi moja baada ya nyingine katika Kombe la Mabingwa la Ulaya. Tunasimama kidogo hapa, kwa sababu watu husimulia mabao na kuusahau ule mwaka wa kulala, wa kujifunza kutembea, kukimbia, kupiga mpira upya. Aprili 2004 Monaco ilicheza na Chelsea ya Uingereza, nusu fainali. Monaco ilikuwa imebaki na watu 10 uwanjani. Nonda aliingia kama mchezaji wa akiba, na dakika ya 83 akafunga bao la tatu. Mechi ikaisha 3 kwa 1. Fainali walipigwa na Porto 3 kwa 0. Ndivyo mpira ulivyo.

Baadaye alipita Roma, Blackburn ya Uingereza, na Galatasaray ya Uturuki, ambako alipata ubingwa mwaka 2008. Na miaka hiyo, aliyezaliwa Bujumbura, aliyelelewa kimpira na Dar es Salaam, alivaa jezi ya taifa la Kongo. Katika kambi zetu tunawasikia watu wakiulizana, tena mbele ya watoto: huyu ni mtu wa wapi hasa? Nonda alipofunga, hatukumsikia mtu yeyote akiuliza swali hilo.

Turudi kwa mama wa cherehani. Mama, sheria za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Ziko nafasi chache zilizoachwa wazi. Moja ni pale wazazi wenyewe wanapohama kwa sababu zisizohusu mpira. Nyingine inawagusa wanaokaa kando ya mpaka: mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka anaweza kucheza kwenye klabu ya ng'ambo iliyo pia ndani ya kilomita 50, mradi alale kwao na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Kijana wako ana miaka 15. Ulaya anayoahidiwa haimo humo. Tena, tangu mwaka 2023 wakala wa wachezaji lazima awe amefaulu mtihani wa FIFA na kupata leseni, na orodha ya majina yao iko wazi kwa kila mtu. Mwambie akuonyeshe jina lake. Na hawezi kumfuata mtoto mdogo bila mzazi kukubali kwa maandishi. Klabu inayomtaka mchezaji kwa kweli hutafuta namna ya kumfikisha, haimtumi mtu kuuza mashine ya mjane.

Cherehani usiuze.

Viongozi, nanyi mna kazi. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa vilabu vilivyomfundisha kuanzia msimu wa miaka 12 mpaka wa miaka 23. Kama bei ni dola milioni moja, klabu iliyokuwa naye msimu mmoja alipokuwa na miaka 13 inapata dola 2,500, na iliyokuwa naye akiwa na 17 inapata 5,000. Kwa kiwanja chetu kile chenye magoli ya miti, hizo ni nyavu, viatu, na labda choo. Lakini inalipwa klabu iliyomwandikisha mchezaji kwenye shirikisho. Timu isiyojulikana popote haipati hata mpira mmoja.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo linatuuma. Tumekuta mtoto mwenye miaka mitatu ya kuzaliwa: mmoja kwenye karatasi ya chakula, mwingine shuleni, wa tatu kwa kocha. Tunaelewa sababu. Mtu aliyekimbia usiku hakubeba cheti. Lakini mtoto huyo akifika siku moja kwenye klabu ya kweli, karatasi hizo zitapigana zenyewe kwa zenyewe na yeye atarudishwa.

Vijana, tuna neno fupi kwenu pia, kwa sababu mechi ile ilikaribia kuharibika pale mwamuzi alipokataa bao la kambi. Wengi wenu mnampenda Trésor Mputu wa TP Mazembe. Alijenga jina lake hapahapa nyumbani. Mwaka 2009 Mazembe ilichukua Kombe la Mabingwa la Afrika, na Mputu akatajwa na CAF kuwa mchezaji bora kati ya wanaocheza barani. Mwaka 2010 huko Rwanda, katika Kombe la Kagame, alimvamia mwamuzi. FIFA ikamfungia miezi 12. Desemba mwaka huohuo wenzake walikwenda Abu Dhabi, wakaipiga Internacional ya Brazili 2 kwa 0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Walishindwa na Inter ya Milan 3 kwa 0. Mputu hakuruhusiwa kucheza. Baadaye alicheza Angola, akarudi Mazembe, na watu walimpokea. Ile fainali haikurudi.

Sasa daftari liko mezani, karibu na pipa la maji. Wazazi wenye watoto kwenye timu zote mbili, za kambi na za kijiji, mje mmoja mmoja na karatasi yoyote mliyo nayo, hata kadi ya chanjo. Tutaandika jina, mahali alipozaliwa, na mwaka mmoja tu. Mwenyekiti wa kambi na chefu wa kijiji watatia sahihi pamoja kwenye ukurasa uleule. Mama wa cherehani, wewe uanze.