Kuhamia Uhandisi Ukubwani: Kabla ya Barua ya Kuacha Kazi



Nimeombwa nizungumze na walimu, wahasibu, maofisa wa benki na wengine mliomo katika semina hii ambao tayari mna kazi, lakini moyo umeelekea uhandisi. Nitasema kama mtu aliyepita njia hiyo. Nilifundisha Fizikia na Hisabati sekondari kwa miaka 6 kabla ya kurudi darasani kusomea uhandisi ujenzi, na leo nasimamia wahitimu walio kwenye mafunzo ya vitendo.

Nianze na neno lenyewe. "Mhandisi" limetufikia kutoka Kiarabu, na Kiarabu kilikopa mzizi wake kutoka neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Mhandisi, basi, ni mtu wa kipimo. Chukueni mbao ya mbili kwa sita. Fundi yeyote anayepaua nyumba ataisimamisha kwa ubavu wake mwembamba, hawezi kuilaza. Mkono wake unajua, na ujuzi huo si mdogo. Mhandisi anatakiwa aseme, mbao ikiwa bado iko dukani, kwamba ikilazwa itapinda mara 9 zaidi kuliko ikisimamishwa chini ya mzigo uleule, na kwamba chumba kikizidi upana fulani hata ikisimamishwa haitatosha. Kisha aandike jina lake chini ya hesabu hiyo.

Jina hilo chini ya hesabu ndilo jambo nililokuja kulisema. Anayehamia uhandisi anahamia kwenye dhamana. Wengi wanaonifuata kuomba ushauri huanza na mshahara, au huanza na yale tunayoyaona kila siku: treni ya umeme ya Dar es Salaam na Morogoro iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025, takriban kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria. Ni haki kuvutiwa na kazi hizo. Mimi pia zinanisisimua. Lakini asubuhi ya Machi 29, 2013, katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa liliporomoka na watu 36 wakapoteza maisha. Novemba 16, 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, jengo likaanguka asubuhi watu wakiwa madukani. Kila anayetaka kuitwa mhandisi ayasome matukio haya mawili kwa bidii ileile anayosomea habari za madaraja.

Ndiyo maana sheria haimwachii mtu ajiite tu. Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Sura ya 63, imeiweka Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mlango, na mlango huo una vizingiti. Shahada ya uhandisi ni miaka 4. Ukimaliza unasajiliwa kuwa mhandisi mhitimu, nao huo ni mwanzo tu: unahitaji angalau miaka 3 ya kazi chini ya usimamizi kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Jumla ni miaka 7. Kama kidato cha sita hukusoma Fizikia na Hisabati ya Juu, huenda ukalazimika kupitia stashahada kwanza, ambayo kwa kawaida ni miaka 3, na hesabu inafika 10. Mwenye miaka 30 leo ajione akiwa na 37 au 40 siku anayokula kiapo cha wahandisi. Sisemi hivyo kumkatisha mtu tamaa. Miaka hiyo itapita hata kama hatasoma. Nasema ili aijue mapema, na mwenzi wake nyumbani naye aijue.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi, maana kila mmoja anaijua mifuko yake. Masharti ya mikopo ya elimu ya juu yanamlenga kijana asiye na kipato cha ajira. Mtu mzima mwenye mshahara asijenge mpango wake juu ya mkopo huo. Mimi nilidunduliza kwa miaka 3, tukauza kiwanja, na mume wangu akabeba ada za watoto peke yake. Haikuwa rahisi kwetu.

Ugumu wa masomo una sura mbili, na watu huitaja moja tu. Ya kwanza ni hisabati. Nilikuwa mwalimu wa somo hilo, bado mwaka wa pili wa chuo ulinitoa machozi. Akili ya mtu mzima haijafa, lakini imeota kutu, na kutu hutoka kwa kusugua kila siku. Wanafunzi wenzangu, ambao ningeweza kuwafundisha kidato cha pili, walikuwa wakikokotoa kwa dakika 10 kile nilichokaa nacho saa nzima. Nilijifunza kuwaendea na daftari langu na kusema, "Mdogo wangu, nielekeze hapa." Asiyeweza kutamka maneno hayo asihame.

Sura ya pili nilikutana nayo saiti. Nilipokuwa mwalimu, swali lilikuwa limeandikwa na majibu yako nyuma ya kitabu. Saiti hakuna aliyeandika swali. Mvua imenyesha usiku, shimo la msingi limejaa maji, udongo wa chini umekuwa laini kuliko ilivyoonyesha ripoti, na mkandarasi ana gari la kokoto linalongoja. Swali ni nini? Ni udongo, ni maji, ni muda, au ni ripoti yenyewe? Nilichukua karibu mwaka mzima kuzoea kwamba kulitafuta swali ni sehemu kubwa ya kazi.

Hapo ndipo kazi ya zamani inapogeuka mtaji. Nina mfano mmoja ninaoupenda. Katika mradi mmoja wa ghorofa nilipewa wahitimu watatu niwasimamie. Mmoja alikuwa na miaka 34, na kabla ya chuo alikuwa mhasibu kwa miaka 9. Siku ya kumwaga zege la slabu, wenzake wadogo walikuwa juu wakikagua nondo, kazi waliyoifanya vizuri kabisa. Yeye alishuka stoo akaomba daftari. Slabu ile ilikuwa na mita za ujazo 40. Kwa mchanganyo wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mita ya ujazo hula mifuko 6 ya saruji na zaidi kidogo, kwa hiyo ilitakiwa itoke mifuko isiyopungua 250. Daftari lilisema imetoka 190. Alikuja kwangu na karatasi ndogo yenye namba hizo, hana neno jingine. Tuliandika barua siku hiyohiyo. Michemraba ya majaribio tuliyochukua kwenye zege lile ilipokandamizwa maabara siku ya 28, ilivunjika kabla ya kufika kiwango kilichotajwa kwenye mchoro. Slabu ikavunjwa kwa gharama ya mkandarasi. Chuo hakikumfundisha kijana yule kushuka stoo. Alikuja na tabia hiyo kutoka uhasibu, na watu watakaoishi ghorofa ile watalala salama kwa sababu yake.

Kwa hiyo msije uhandisi kana kwamba mnazaliwa upya. Mwalimu anajua kueleza, na miradi mingi huharibika kwa sababu mchoro haukuelezwa kwa fundi. Muuguzi amezoea kuandika kila alichokifanya, na saa alipokifanya. Njooni navyo.

Nawapa pia mfano wa mbali. William Armstrong wa Newcastle, Uingereza, alikuwa wakili kwa zaidi ya miaka 10. Usiku na siku za mapumziko alijaribu mitambo inayosukumwa na nguvu ya maji. Mwaka 1847, akiwa na miaka 36, aliacha uwakili akafungua karakana ya kreni za maji. Mitambo ya kuinulia daraja la Tower Bridge la London, lililofunguliwa 1894, ilitoka katika kampuni yake. Linalonigusa katika habari hii ni mpangilio wake: kreni ya majaribio ilikuwa imeshanyanyua mizigo gatini Newcastle kabla hajaiacha ofisi ya sheria.

Mlango si mmoja. Mfumo wetu una fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi, na kila mmoja ana kazi ambayo mwenzake hawezi kuibeba. Kama unachokipenda ni kuishika mashine yenyewe, kuifungua na kuifanya ingurume tena, huenda stashahada ya fundi sanifu ikakufaa kuliko shahada, na itakurudisha kwenye kipato mapema. Mwenye ufundi aliojifunza mtaani aende VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, akapimwe ujuzi wake na kupewa cheti. Wapo walioanzia hapo wakapanda. Kwa maoni yangu, tumewapoteza mafundi sanifu wengi wazuri kwa kuwaaminisha kwamba heshima iko kwenye shahada peke yake.

Ndugu washiriki, barua ya kuacha kazi isiandikwe mwezi huu. Nawaomba kwanza mtafute kitabu cha Hisabati ya Juu cha kidato cha tano, mkae nacho saa moja kila usiku kwa miezi 3, mkifanya maswali kwa kalamu. Jumamosi mbili ndani ya miezi hiyo ombeni ruhusa kwenye saiti au karakana iliyo karibu nanyi, msimame na mafundi kuanzia asubuhi hadi jioni, na mwulize mhandisi wa pale ni karatasi gani ametia sahihi wiki hiyo na alikagua nini kabla ya kuitia. Baada ya miezi hiyo 3, atakayekuwa bado anataka, anitafute. Nitamsaidia kuandika maombi ya chuo.