Nguo ya Mwanamume na Namna ya Kuichagua

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya nguo za wanaume: jinsi ya kuitambua iliyoshonwa vema, na ipi yafaa kwa kazi, ipi kwa baraza, ipi kwa arusi. Huenda mtu akasema, "Jambo dogo hili." Katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita si dogo, na sababu yake ni hii: wengi wetu hatupati fedha kidogo kidogo kila mwezi kama karani apatavyo mshahara. Mkulima wa pamba huipata mara moja kwa mwaka, soko linapofunguliwa baada ya mavuno. Mchimbaji wa Nyarugusu aweza kukaa miezi mitatu bila kitu, kisha akapata kwa siku moja. Na siku hiyo wauza nguo wamekwisha kutandika bidhaa zao njiani. Akichagua vibaya, hana fedha nyingine ya kutengeneza kosa lake mpaka msimu ujao. Sisi walimu twaona matokeo yake darasani: baba ana koti jipya lenye kung'aa, na mwanawe aja shuleni na shati lililopasuka mgongoni, wala hana daftari.

Wazee wetu walikuwa wanunuzi wenye macho. Katika karne ya 19 nguo iliyoitwa merikani, iliyofumwa katika viwanda vya Marekani na kuletwa Unguja kwa merikebu, ilichukuliwa na wapagazi mpaka Unyanyembe na nchi za Ziwa. Watu waliipenda kwa kuwa ilikuwa nzito na yenye kudumu. Wafumaji wa Uingereza walipoiiga, wanunuzi wa bara hawakudanganyika kwa urahisi. Kilichoipunguza merikani sokoni kilikuwa vita ya Wamarekani wao kwa wao, ya mwaka 1861 hata 1865. Nguo yenyewe haikuwa na kosa. Wengi wa wanunuzi wale hawakujua kusoma, lakini nguo waliijua kwa vidole. Nasi twaweza kujifunza hivyo.

Tuanze na kitambaa. Kwanza, kiinue penye mwanga wa jua. Nyuzi zikiwa zimekaribiana sawasawa, ni chema. Ukiona mianya hapa na pale, kitachakaa upesi. Pili, kisugue kwa nguvu baina ya viganja. Unga mweupe ukianguka, ni wanga uliotiwa ili kitambaa kionekane kizito. Utatoka katika ufuo wa kwanza, nawe utabaki na nguo nyepesi kama chandarua. Tatu, lowesha kitambaa cheupe usugue nacho nguo ya rangi. Rangi ikihamia hapo, itahamia na kwenye mashati yako mengine. Nne, omba uzi mmoja, uuchome. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa poliesta huyeyuka ukawa kitone kigumu. Poliesta ina faida yake, maana haikunjamani upesi na hudumu. Lakini hainywi jasho kama pamba, na katika jua la Shinyanga la mwezi wa Oktoba mwenye kuivaa atajua tofauti kabla ya saa sita. Mtu aliyechambua pamba kwa mikono yake mwenyewe hana sababu ya kushindwa kuijua inapokuwa shati.

Baada ya kitambaa, tazama mshono. Usione vyaelea, vimeundwa. Igeuze nguo ndani nje, maana fundi mwema haoni haya kuonyesha upande wa ndani. Mishono iwe midogo na ya kulingana. Shika pande mbili za mshono, uzivute polepole. Uzi ukitokeza kama meno, mshono hautashika. Tazama ukingo wa kitambaa, kama umekunjwa au kuzungushiwa uzi, ama umeachwa wazi ufumuke. Katika suruali, mshono wa nyuma uwe na akiba ya kitambaa, ili mwenyewe akinenepa iweze kupanuliwa. Vitundu vya vifungo vishonwe kwa uzi uliosongamana. Na shati likiwa la mistari, mistari ya mfuko ifuatane na mistari ya kifua. Jambo hili la mwisho haliongezi nguvu ya nguo, bali lakuonyesha kama fundi alikuwa na subira; na mwenye subira katika mfuko huwa nayo katika kwapa pia.

Sasa tuje kwenye mahali pa kuivaa. Kwa shamba na machimbo, chagua kaki au jinzi ya pamba nzito, iliyoshonwa kwa uzi mara mbili. Wafanyao kazi penye karasha za kusaga mawe ya dhahabu wasivae kamwe shati pana, wala mikono isiyofungwa, wala kitambaa shingoni. Mkanda wa mashine ukishika pindo hauachi. Huvuta na mwenye pindo. Hapo nguo yenye kubana kiasi huokoa mkono, na pengine roho. Tena, kwa kuwa wachimbaji wengi hutumia zebaki kushika dhahabu, nguo ya kazi hiyo ibaki kazini, isifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Kwa baraza, ofisi na mazishi, shati safi la rangi ya utulivu na suruali yenye kufika kiatuni zatosha. Wengine hupenda suti ya Kaunda, iliyopata jina kwa Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia. Haihitaji tai, na koti lake la mikono mifupi lafaa kwa joto letu. Kwa sala ya Ijumaa na siku ya Idi, kanzu ni vazi la heshima; itazame shingoni, penye kaba, maana hapo ndipo kazi ya mkono hujulikana. Kwa arusi, ukitaka suti, anza na mabega: mshono ukome pale bega lako linapokoma. Kiuno hupunguzwa, mikono hufupishwa, suruali hukunjwa pindo. Lakini bega likikosewa, koti karibu lote hufumuliwa.

Tusidharau mitumba. Koti lililotumika, ikiwa kitambaa chake ni chema, laweza kulishinda jipya lililojaa wanga. Ila likague kwapani na ukosini, na suruali uikague magotini na makalioni. Nawe ukimwendea fundi wa cherehani barazani pake, loweka kwanza kitambaa cha pamba majini, ukikaushe kabla hakijakatwa, maana pamba hupungua. Mpe siku za kutosha. Ukimpelekea kazi usiku wa kuamkia arusi, usimlaumu asubuhi.

Mwisho ni hesabu. Tuseme shati la shilingi 12,000 ladumu miezi 6, na la shilingi 30,000 ladumu miezi 24. La kwanza lakugharimu shilingi 2,000 kwa mwezi, la pili shilingi 1,250. Kwa hiyo usiulize bei peke yake. Uliza na siku. Lakini mtu hujikuna ajipatapo: kama huna 30,000, usikope kwa ajili ya kupendeza siku moja. Nunua moja la kadiri yako, ulijaribu kwa njia hizi tulizozitaja.

Na soko litakapofunguliwa, wazazi wenzetu, sare ya mtoto ijaribiwe kwanza, kwa vidole vilevile na mwanga uleule. Ikiisha kupatikana iliyo imara, ndipo baba atazame koti lake.