Miaka 49 ya Kugombea Jina la Ua

Wapenzi wasikilizaji, leo nilipanga kuzungumzia mambo mengine kabisa, lakini ujumbe wa mama mmoja wa Moshi umenivuta shati. Anasema amenunua ua la chungu, kibandiko chake kimeandikwa Amaryllis. Mwanawe anayesoma mambo ya mimea chuoni akamwambia, "Mama, hilo si amaryllis, hilo ni hippeastrum." Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mama anauliza: nani mkweli?

Mama, mwanao yuko sahihi. Lakini usimpe ushindi upesi, maana wataalamu wazima walilibishania jambo hilohilo kuanzia mwaka 1938 hadi 1987. Miaka 49! Na katika ubishi wote wa historia ya mimea, huu ndio nisioweza kuuchoka.

Ua la chungu mnalijua: kitunguu kikubwa kama ngumi, kikonyo kinene, juu tarumbeta nyekundu tatu au nne. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Sasa nendeni Afrika Kusini, kwenye miamba ya Rasi ya Magharibi. Kuna ndugu yake wa porini, wa rangi ya waridi, mwenye harufu nzuri. Kiangazi majani yake yote yamekauka na kupotea, ungedhani mmea umekufa. Kisha, kwenye Machi hivi, kikonyo kinachomoza peke yake kwenye udongo mtupu, bila jani hata moja. Na moto wa nyika ukiwa umepita hapo, ndipo maua hutoka kwa wingi kuliko mwaka mwingine wowote.

Jina moja, maua mawili. Aliyeleta mkanganyiko ni Carl Linnaeus, yule Msweden aliyeipa mimea ya dunia majina mawilimawili. Mwaka 1735, akiwa kijana, aliajiriwa na tajiri wa Uholanzi, George Clifford, mkurugenzi wa Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, amtunzie bustani yake ya Hartekamp karibu na Haarlem. Niruhusuni nichepuke kidogo: humo Linnaeus aliufanya mgomba utoe ua, akafurahi hata akauandikia kitabu kizima mwaka 1736. Mgomba! Huu huu ulio nyuma ya jiko lako. Katika baridi ya Uholanzi lilikuwa ajabu la kuandikiwa kitabu.

Haya, turudi. Mwaka 1753 Linnaeus akachapisha jina Amaryllis belladonna, akaandika kwamba mmea huo unaota katika visiwa vya Karibi na Surinam. Mnaona moto unapowashwa? Mwaka 1821 padri Mwingereza, William Herbert, akayatenga yale ya Amerika, akayaita Hippeastrum, na jina Amaryllis akaliachia ua la Rasi. Watu wakakubali, zaidi ya miaka mia ikapita.

Ndipo mwaka 1938 mtaalamu mmoja, Uphof, akasema: rudini kwa Linnaeus, yeye alikusudia ua la Amerika. Na bendera hiyo ikapokewa na Hamilton Traub, Mmarekani aliyeyapenda maua haya kama mtu anavyowapenda wanawe. Sikilizeni hili: Traub ndiye aliyekuwa nguzo ya chama cha wapenzi wa maua hayo Marekani, na jarida la chama hicho liliitwa Herbertia, kwa heshima ya yule padri Herbert. Narudia: jarida lilibeba jina la Herbert, na mhariri wake akapigana maisha yake yote kuliangusha jina ambalo Herbert mwenyewe alilitoa. Hakurudi nyuma hata hatua moja.

Simu hiyo... ndugu yetu wa Tanga anauliza: kama ni kitunguu, kinalika? Hapana, ndugu yangu, usithubutu. Kina sumu iitwayo laikorini, inatapisha vibaya. Kiwekeni mbali na watoto na mbuzi. Ahsante kwa kuuliza.

Tulikuwa kwa Traub. Upande wa pili, mtaalamu Sealy wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, alimjibu Uphof mapema, mwaka 1939, na mabishano yakaendelea kizazi kizima. Ushahidi ulikuwa London: karatasi yenye mmea mkavu kutoka bustani ya Clifford, umebanwa hapo tangu enzi za Linnaeus. Mmea huo ni wa Rasi. Mwaka 1984 mtaalamu wa mimea, Peter Goldblatt, akapendekeza sheria ya majina ilifungie jina Amaryllis kwenye ua la Afrika Kusini, na mwaka 1987, mkutano mkuu wa wanabotania huko Berlin ukakubali. Traub hakuuona mwisho huo. Alifariki mwaka 1983.

Kwa hiyo jenasi ya Amaryllis ni ya Afrika. Nayo ni ndogo mno: ilikuwa na spishi moja tu mpaka mwaka 1998, ilipotangazwa ya pili kutoka Richtersveld, nchi kavu ya kaskazini magharibi. Wauza maua wao bado wanaandika jina la zamani.

Mama wa Moshi, ua likishanyauka chukua kisu, ukate kikonyo katikati. Cha Rasi kimejaa nyama ndani. Cha Amerika kina uwazi kama mrija. Ukikuta uwazi, mwite mwanao, mchemshe chai nyingine.