Windows Nyepesi na Maswali Mliyotuuliza

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi wanaotumia chumba chetu cha kompyuta)

Tunajua wengine mmeacha palizi katikati. Tumewaita kwa sababu, tangu yale yaliyokipata kikundi kimoja cha akina mama, hakuna siku inayopita bila mtu kutusimamisha njiani na kutuuliza: Je, zile kompyuta ni salama au si salama?

Tuanze na ukweli, hata kama unatuaibisha sisi tulioachiwa funguo za chumba.

Kompyuta zetu sita ni za kupewa, na ni za zamani. Windows 11 inataka memori ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, na kile kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Tano kati ya zetu hazina kifaa hicho. Nayo Windows 10 iliacha kupewa masahihisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Basi akaja fundi mmoja akatuambia anayo dawa. Ati ni Windows nyepesi, imeshapunguzwa mambo yasiyo na kazi, tena haiulizi leseni. Akaiweka jioni moja. Mashine iliyokuwa ikikufanya uende kunywa chai ukiingoja, sasa iliamka kabla hujavuta kiti. Tulifurahi, na kwa furaha hiyo hatukuuliza ni vitu gani vilivyopunguzwa.

Tulikuja kuvijua baadaye. Kinga ya virusi inayokuja na Windows ilikuwa imetolewa. Masahihisho yalikuwa yamefungwa. Tena kila aliyeketi hapo aliingia kama msimamizi wa mashine nzima, bila neno la siri, hata mtoto aliyekuja kucheza mchezo. Katika mwezi wa saba, barua zikaanza kutoka kwenye anwani ya kikundi kile zikiwaomba wanachama watume pesa kwa nambari ya simu ambayo hawakuijua. Akina mama wawili walituma. Pesa hizo hazijarudi.

Mmetuuliza kama ni ile Windows iliyoiba neno la siri. Hatuwezi kuapa. Pengine ni flashi ya mtu, pengine ni neno la siri lililoachwa limehifadhiwa kwenye kivinjari. Lakini hapo ndipo penye shida. Mfumo ukishafunguliwa na mtu usiyemjua, akatoa na kutia apendavyo, hata ukiibiwa huna pa kuanzia kutafuta.

Kuhusu masahihisho, kijana mmoja alituambia kwamba yanamaliza bando tu. Ni kweli yanakula bando. Lakini hebu tukumbuke mwaka 2017. Mwezi wa Machi mwaka huo Microsoft ilitoa dawa ya tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei, virusi vya WannaCry vikapita katika tundu hilo hilo na kufunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 100, vikidai malipo. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwapo miezi miwili, na walioumia ni wale ambao hawakuwa wameiweka. Yule aliyefunga masahihisho kwenye mashine zetu alituweka katika foleni hiyo.

Sasa swali la mzee wetu wa kikundi cha maziwa: Je, kila mfumo uliobadilishwa ni mbaya? La, mzee. Linux Mint yenyewe imetokana na Ubuntu, nayo Ubuntu imetokana na Debian. Ni kubadilisha juu ya kubadilisha. Tofauti ni kwamba kazi hiyo imewekwa wazi, anayejua kusoma programu anaweza kuikagua, na waliotengeneza wanajulikana na wanaendelea kutoa masahihisho. Hata upande wa Windows ziko njia mbili. Yuko mtu aliyetoa maagizo yaitwayo tiny11builder: unachukua Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe, halafu unaipunguza kwa mkono wako ukiona kila kinachotoka. Leseni bado unahitaji, na lile toleo lake dogo kabisa halipokei masahihisho. Lakini angalau unajua ulichokula. Kupokea faili iliyokwisha kupikwa kutoka kwa mtu wa barabarani ni jambo jingine.

Lakini msidhani kwamba jina zuri linatosha. Tarehe 20 Februari 2016 wahalifu waliingia katika tovuti ya Linux Mint yenyewe, wakageuza kiungo cha kupakulia, na waliochukua toleo la 17.3 la Cinnamon kupitia hapo siku hiyo wakapata faili iliyotiwa mlango wa nyuma. Wenyewe waligundua upesi na wakatangaza. Waliopima faili kabla ya kuiweka waliona kwamba haifanani na ile halisi.

Kupima huko ndiko kulikotuchukua asubuhi nzima, na tunataka mkujue. Faili ikishapakuliwa, unaandika amri iitwayo sha256sum pamoja na jina la faili, na kompyuta inakupa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Unalinganisha na ule uliotangazwa na watengenezaji. Ikibadilika hata nukta moja ndani ya faili, mfuatano wote unakuwa mwingine. Mama mmoja alituuliza swali zuri: mwizi akiwa ndani ya tovuti, si atabadilisha na ule mfuatano pia? Ndiyo, mama, anaweza. Kwa hiyo mfuatano huo una sahihi ya watengenezaji, inayopimwa kwa programu ya GPG, na mwizi hawezi kuiga sahihi hiyo bila ufunguo wao. Tulipima vyote viwili.

Mashine nne tumeshaziwekea Linux Mint ya Xfce, ambayo haina uzito. Memori ya GB 2 inaitosha, ingawa GB 4 ni bora. Kwanza tuliijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, tukaona kama printa na mtandao vinakubali. Kabla ya kufuta chochote tulitoa nakala ya mafaili yenu, maana ukichagua kufuta diski, kila kitu kinakwenda. Kila kikundi kina akaunti yake na neno lake la siri, na hakuna aliye msimamizi ila sisi wawili. Kinga ya mtandao huja imezimwa, kwa hiyo tukaiwasha. Diski tumezifunga kwa neno la siri ili kompyuta ikiibwa, majina na nambari za vitambulisho vya wanachama visisomwe. Hilo neno likisahaulika hakuna fundi wa kulifungua, ndiyo maana limeandikwa na kuwekwa katika sefu.

Iko programu ndani yake iitwayo Timeshift, inayorudisha mfumo ulivyokuwa jana. Isiwadanganye. Inalinda mfumo, daftari zenu haizihifadhi isipokuwa umeiagiza. Kila mweka hazina aweke nakala kwenye flashi mbili, moja ibaki kwake na nyingine hapa.

Mmeuliza pia kama kazi za Excel zitafunguka. Zitafunguka katika LibreOffice, ila mistari mingine husogea, na zile zenye maagizo ya ndani huenda zisifanye kazi. Kikundi cha mikopo kinatumia programu ya hesabu inayotaka Windows tu, kwa hiyo ile mashine moja mpya tumeinunulia leseni halali ya Windows 11. Imetugharimu, na wengine wenu mlilalamika. Sisi tunaona ilifaa.

Na barua za uongo je? Hizo Linux haizizuii. Ukiambiwa utume pesa, piga simu kwanza.

Imebaki mashine moja yenye ile Windows nyepesi. Haina mtandao sasa, na tutaifuta Jumamosi. Mwenye faili humo aje kabla ya siku hiyo na flashi yake, tuipime kwanza. Aliyewahi kuandika neno la siri kwenye mashine zile za zamani alibadilishe leo, kwenye simu yake au mashine nyingine, si kwenye ile. Akina mama wale wawili wameshaandikisha taarifa polisi, na tumewapa zile barua zote zilizochapishwa.