Tone Moja Chini ya Pikipiki

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Bura

Leo hatukuja na habari za mikopo wala za mbuzi wa maziwa. Tumekuja kuzungumza juu ya tone la oili. Msicheke. Tone kama hilo lilikula mchango wetu wa miezi mingi.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya 250cc. Tangu hapo boda boda zimeenea hadi vijiji vya milimani, na vikundi navyo vikaanza kununua. Kikundi kimoja tulichokisaidia kilinunua ya kupeleka mboga na maziwa Mwatate. Kijana aliyeiendesha alibadilisha oili mwenyewe nyumbani ili tusilipe fundi. Nia yake ilikuwa njema kabisa.

Kesho yake aliona doa chini ya injini. Akakaza nati. Doa likarudi. Akachukua spana ndefu akakaza tena, mpaka nati ikawa inazunguka bure. Akaona haya kusema. Akapaka gundi, akaendelea na kazi. Siku ya tatu, akipanda mlima na mzigo, injini ikanoki.

Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Mama, si mlisema kwenye mkutano anayeharibu atalipa?" Kweli tulisema. Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kuficha.

Sasa basi, tufanye nini tukiona tone?

Kwanza, tusikimbilie spana. Tuzime injini, tusimamishe pikipiki wima mahali tambarare, tungoje ipoe. Kisha tupime oili. Pikipiki nyingi ndogo zina oili kama lita moja tu, na oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha injini, gia na klachi. Ikipungua kidogo, imepungua sana.

Pili, tupanguse. Tufute chini ya injini kwa kitambaa na maji ya sabuni mpaka pakauke, tutandike katoni, tuwashe injini dakika chache, halafu tuangalie. Oili huteremka, na upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo tusitazame panapodondoka. Tutafute mahali pa juu kabisa palipolowa. Hapo ndipo chanzo.

Mara nyingi tutakuta moja ya haya:

1. Ni oili iliyomwagikia fremu siku ya kubadilisha. Ikipanguswa, hairudi. Hakuna ubovu.

2. Nati ya kumwagia oili haikukazwa vizuri, au washa yake, yaani kile kipete chembamba kinachokaa chini ya nati, imechoka. Tumwage oili kwenye chombo safi, tuweke washa mpya, tukaze kwa spana fupi na kwa mkono mmoja, bila kuruka juu yake. Kasha la injini ni la aluminiamu, nalo ni laini. Ukilazimisha, unakata meno.

3. Oili imezidi, nayo inatafuta pa kutokea. Tupunguze mpaka ifike kati ya alama mbili.

4. Oili inatoka kwenye kifuniko cha filta au kwenye sili. Mpira wa kifuniko huenda umekaa vibaya. Ikiwa hatuna ujuzi, hapo tumwite fundi. Hata nati iliyokatika meno, fundi anaweza kuitengeneza, mradi apelekewe kabla injini haijafa.

Gundi, sabuni na kamba ya gunia si dawa. Na oili ikifika kwenye tairi la nyuma au kwenye breki, pikipiki isitoke kabisa, hata kama maziwa yataharibika. Maziwa ya siku moja yana bei. Mguu wa mtoto wetu hauna bei.

Neno jingine: oili chafu iliyomwagwa inaenda wapi? Wengine wanaimwaga kando ya mfereji. Mfereji huo huo unanywesha mboga na ng'ombe wa jirani aliye chini. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kutia sumu majini, lakini hata bila sheria, jirani ni jirani. Wengine huipaka ng'ombe kwenye vidonda. Tuache, ina sumu. Tuiweke kwenye jerikeni yenye kifuniko, mbali na watoto, tuipeleke kwa gereji inayokusanya oili chafu.

Mwisho, tulilojifunza kwa hasara. Kikundi kile sasa kina daftari la pikipiki. Ndani yake wanaandika tarehe, kilomita, oili kiasi gani, na nani aliyebadilisha. Kila asubuhi mwendeshaji anatazama chini kabla ya kuondoka. Mweka hazina ana ruhusa ya kununua washa siku hiyo hiyo bila kungoja mkutano. Na wamekubaliana jambo moja kubwa: anayeleta habari ya tone hatozwi faini. Anashukuriwa.

Tunazoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, ndivyo tulivyonunua pikipiki. Lakini tone na tone pia humaliza kibaba. Washa ni ya shilingi chache. Injini ni jasho la kikundi kizima.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Je, pikipiki, pampu au mashine yetu ina daftari? Nani analiandika?

2. Mtu akiharibu kitu cha kikundi leo, atakuja kusema au ataficha? Kwa nini?

3. Oili yetu chafu inamwagwa wapi, na nani anakunywa maji ya huko chini?